Mwarobaini, Kivumbasi na Shubiri: Maswali na Majibu kwa Wazazi wa Malindi

Mtoto ana homa usiku. Nimchemshie mwarobaini, nisubiri kuche?

Usisubiri. Wazee wetu waliujua mwarobaini, na wengi bado tunauoga upele ukitoka. Lakini homa ya mtoto mdogo huenda ikawa malaria, na malaria kali humzidi mtoto kwa muda wa saa chache tu. Majani ya kuchemsha hayana kipimo: sufuria ya leo chungu kupindukia, ya kesho maji matupu. Homa ikipoa kidogo unaona amepona, kumbe vimelea vingali damuni. Mpeleke kituo cha afya atobolewe kidole, damu ipimwe malaria. Majibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Akikutwa na malaria ya kawaida hupewa dawa mseto ya siku 3, na azimalize hata akianza kucheza.

Dawa hiyo nayo asili yake ni jani. Artemisinini ilitolewa kwenye aina ya pakanga inayotumika tangu zamani China, na mwanasayansi wa huko, Tu Youyou, akatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Miti shamba ina heshima yake, ila hiyo ilichujwa na kupimwa kwanza.

Na mafuta ya mwarobaini?

Mtoto asinyweshwe hata tone. Kuna watoto wachanga waliopewa wakatapika, wakapata degedege, na wengine wakafariki.

Mtoto amekakamaa, macho yamegeuka. Nyumbani wanasema ni nyuni, pepo anayeaminiwa kuleta degedege.

Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimfukize. Kisha hospitali mbio. Dua isomwe njiani.

Kivumbasi hufukuza mbu kweli?

Ndiyo, moshi wake huwapunguza. Ukizimika wanarudi, kwa hiyo chandarua kibaki kitandani.

Shubiri nipake au ninywe?

Kata jani ulisimamishe: utaona utomvu wa manjano ukichuruzika. Uache utoke wote, uoshe, ndipo uchukue ute mweupe wa ndani upake palipoungua kidogo. Ule wa manjano huharisha na kusokota tumbo. Mjamzito asiunywe kabisa.

Mnanaha kwa pumu?

Hapana. Huu si mnanaa wa chai. Ni sumu: mdomo hukauka, mboni hupanuka, mtu huweweseka. Mtoto akitafuna mbegu zake, mkimbize hospitali na ubebe tawi la mmea, daktari alione.