Je, Wajua Kwa Nini Wastaafu Waliooana Miaka Mingi Hubishania Mfuniko wa Sufuria, Kisha Wakacheka?

Watu wawili waliolea watoto, wakajenga nyumba, wakauguza wazazi na kulipa ada za shule kwa miaka arobaini bila ndoa yao kuvunjika wanaweza kutumia robo saa nzima wakibishana juu ya mahali panapostahili kuwekwa mfuniko wa sufuria. Mgeni anayewasikia kutoka sebuleni hudhani kuna jambo zito, na pengine huanza kutafuta viatu vyake ili aage mapema, kumbe kabla hajaufikia mlango wenyewe wamekwisha kucheka na chai inamiminwa. Swali ni kwa nini mabishano ya namna hiyo huongezeka hasa mmoja wao anapostaafu, na kwa nini katika ndoa nyingi zilizodumu huishia kwenye kicheko badala ya kununiana. Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, na majibu yao yanagusa mamlaka ya jikoni, masikio, kumbukumbu na hesabu ya muda uliobaki.

Tuanze na kustaafu kwenyewe. Nchini Tanzania mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na hulazimika kustaafu akifika 60, isipokuwa kada chache. Kenya nayo ilipandisha umri wa watumishi wake kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Siku ya kuagwa kuna hotuba, kuna zawadi, kuna picha ya pamoja, na mfuko wa hifadhi ya jamii huandaa kiinua mgongo na pensheni ya kila mwezi. Jambo moja tu halimo katika utaratibu huo wote: hakuna anayemwambia mstaafu kwamba nyumba anayorudi ina uongozi wake tayari. Kwa miaka thelathini na zaidi ameifahamu nyumba hiyo alfajiri, jioni na siku za mapumziko, lakini saa nne ya asubuhi ya Jumanne hajawahi kuijua. Hiyo ni saa ya mtu mwingine. Pale ambapo mke alikuwa akiendesha shughuli zake nyumbani, au alitangulia kustaafu, saa hiyo ina ratiba yake: kuanika dagaa, kumpigia simu dada, kuhesabu michango ya kikundi, kukaa barazani na jirani bila kutoa maelezo kwa yeyote.

Chukulia mzee aliyekuwa mtunza stoo wa serikali, mtu aliyezoea leja, ambamo kila kinachoingia huandikwa na kila kinachotoka husainiwa. Wiki ya kwanza hupumzika. Wiki ya pili hugundua kwamba kabati la jikoni halina mpangilio. Hupanga sufuria kwa ukubwa, hubandika karatasi zilizoandikwa CHUMVI na SUKARI kwenye makopo ambayo mkewe huyatambua kwa kuyagusa tu umeme unapokatika, kisha huuliza, kwa upole ule wa mkaguzi wa hesabu, kwa nini mchuzi wa watu wawili umetumia vitunguu vinne. Mkewe humjibu bila kugeuka: “Baba Asha, barua yako ya kustaafu haikusema umehamishiwa jikoni.”

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake, na mahali lilipochukuliwa kwa uzito wa kitabibu ni Japani. Mwaka 1991 daktari Nobuo Kurokawa alieleza hali aliyoiona kwa wake ambao waume zao walikuwa wameacha kazi na sasa wanashinda nyumbani: maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, huzuni, vidonda vya tumbo. Baadaye wachumi wawili wa Italia, Marco Bertoni na Giorgio Brunello, walizipitia takwimu za Wajapani na kukuta kwamba mume anapostaafu, dalili za msongo kwa mke huongezeka kwelikweli, hivyo daktari yule hakuwa akitunga soga. Nchini Marekani, mwanasosholojia Phyllis Moen na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti uliotoa picha yenye nafuu kidogo. Kipindi chenye migogoro ni kile cha kuvuka kutoka kazini kwenda nyumbani, na wanandoa waliokwisha kuzoea maisha ya kustaafu kwa takriban miaka miwili wana hali nzuri zaidi kuliko wale walio katikati ya mabadiliko. Kwa maneno mengine, karatasi za CHUMVI na SUKARI hubanduka zenyewe kwa mvuke.

Ubishi wa pili, ule wa nani anafanya kazi nyingi zaidi nyumbani, una maelezo mafupi ya kufurahisha. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly, watafiti wa Kanada, waliwauliza mume na mke, kila mmoja peke yake, anachangia sehemu gani ya kazi za nyumba. Walipojumlisha majibu ya wawili hao, kwa kazi nyingi jumla ilizidi mia kwa mia. Hakuna aliyekuwa anadanganya: kila mtu huikumbuka kwa urahisi siku aliyoosha vyombo mwenyewe, na siku vilipooshwa na mwenzake hakuwapo kuona. Hata katika mambo yasiyo ya sifa, kama kuanzisha ugomvi, kila mmoja alielekea kujipa sehemu kubwa kuliko aliyopewa na mwenzake, jambo ambalo pengine ndilo ungamo pekee ambalo baadhi ya wanandoa wamewahi kulitoa.

Kisha yapo masikio, na hapa maelezo ni ya kimwili kabisa. Ndani ya sikio, katika sehemu yenye umbo la konokono, kuna chembe zenye vinywele vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti, na zile zilizo karibu na mlango wa konokono huyo, ambazo kazi yake ni kupokea sauti nyembamba, ndizo huchakaa kwanza kadiri umri unavyosonga. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba zaidi ya asilimia 65 ya watu waliovuka miaka 60 wamepungukiwa na uwezo wa kusikia kwa kiwango fulani, na kwa wastani wanaume huanza mapema kuliko wanawake. Irabu, kwa kuwa ni nzito na zenye nguvu, huendelea kusikika vizuri, wakati konsonanti kama s, sh, ch, f na t hufifia. Lugha yetu imejaa irabu, hivyo mzee husikia kwamba ameambiwa jambo, husikia hata urefu wa sentensi na hasira iliyomo, lakini neno lenyewe linaweza kuwa mojawapo ya manne. Mke akiita kutoka uani, “Leta fimbo!”, kwa sababu mbuzi wa jirani ameingia kwenye mihogo, mume aliye sebuleni anaweza kusikia “wimbo” na kwa moyo mweupe akaongeza sauti ya redio. Mbuzi hunufaika.

Lakini si makosa yote ni ya sikio. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Kenneth Savitsky na wenzake walichapisha jaribio ambamo wanandoa walikaa wakipeana mgongo, mmoja akitamka sentensi yenye maana zaidi ya moja na mwingine akijaribu kukisia alichokusudia. Kila mmoja aliamini kwamba angemwelewa mwenzake vizuri kuliko anavyoweza kumwelewa mgeni, lakini matokeo hayakuonyesha hivyo: walielewana kwa kiwango kilekile cha watu wasiojuana, tofauti ikiwa tu kwamba walijiamini zaidi. Savitsky alitoa mfano wa mke anayesema humu ndani kumezidi joto, akitaka kiyoyozi kiongezwe, na mume akalichukua neno hilo kuwa mwaliko wa mahaba. Ukaribu wa miaka mingi humfanya mtu afupishe maneno akitumaini kwamba mwenzake atajaza yaliyobaki, na mwenzake hujaza kweli, ila kwa yake. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi za wazee amri kamili ni “Kile, kile pale, juu ya kile,” na anayeambiwa huondoka kwa uhakika kwenda kuleta kitu kisicho hicho.

Kumbukumbu, kwa upande wake, huleta ubishi ambao mtu wa nje huuona kuwa wa kuchosha, ingawa kwa maoni yangu ndio wenye akili zaidi kuliko wote. Mume anaanza kusimulia mbele ya wageni: “Tulifika Dodoma Jumanne jioni.” Mke anamkata: “Haikuwa Jumanne, ilikuwa siku ya mnada.” Mume: “Mnada ulikuwa Jumamosi.” Mke: “Ndiyo hiyo, Jumamosi, maana ulinunua kuku mwenye mguu mmoja mbovu.” Hapo ndipo mume anapomkumbuka kuku, na kupitia kuku anaikumbuka nyumba ya wageni, na kupitia nyumba ya wageni kisa chote kinarudi. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alieleza katika miaka ya 1980 kwamba watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu hugawana kazi ya kukumbuka bila kupanga, mmoja akihifadhi majina na mwingine njia au bei, na kila mmoja akijua kipi kiko kwa nani. Nchini Australia, Celia Harris na wenzake waliwarekodi wazee waliooana miaka mingi na mwaka 2011 wakaripoti kwamba baadhi yao, wakikumbuka pamoja, walifikia mambo ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuyapata peke yake. Jozi mojawapo ililipata jina la mchezo wa kuigiza waliouona wakati wa fungate yao kwa kurushiana vipande vya habari mpaka jina likajitokeza. Kukatizana huko, ambako watoto wao hukuonea aibu mbele ya wageni, ndiyo njia yenyewe ya kukumbuka.

Sasa, mbona kicheko? Kwanza, kwa sababu ubishi wenyewe si mpya. John Gottman, ambaye amewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa nchini Marekani, ameandika kwamba takriban asilimia 69 ya migogoro ya ndoa ni ya kudumu, yaani inatokana na tabia na mapendeleo ambayo hayatabadilika, na kwamba ndoa zenye afya huijadili migogoro hiyo tena na tena bila kuimaliza. Baada ya miaka arobaini kila mmoja anayajua maneno ya mwenzake kabla hayajatamkwa. Mtu anayejua kwamba sentensi inayofuata ni “Wewe na marehemu baba yako ni sawasawa” hawezi kuendelea kuisikiliza kwa hasira ileile ya mara ya kwanza.

Pili, umri wenyewe huwabadilisha. Maabara ya Robert Levenson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliwafuatilia wanandoa 87 kwa miaka 13, ikirekodi mazungumzo yao kuhusu mambo wasiyokubaliana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kadiri walivyozeeka, utani na maneno ya upole yaliongezeka, huku kukosoana na kujitetea kukipungua. Mtu mwenye tahadhari atasema kwamba waliogombana vibaya walikwisha kuachana kabla ya kufikia kamera, na ni kweli kwamba utafiti wa namna hii huwaona waliobaki tu. Hata hivyo mabadiliko hayo yalionekana pia kwa wale ambao hawakuwa wakiridhika sana na ndoa zao. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford: mtu anapoona muda uliobaki mbele yake ni mfupi kuliko uliopita, huacha kuwekeza katika kushinda na kuwekeza katika kinachompa faraja leo. Ugomvi wa mfuniko haumpi mshindi chochote, na wote wawili wanalijua hilo.

Katika jamii zetu kicheko hicho kina njia yake maalumu, kwa kuwa wazee wengi waliolelewa kwa heshima za zamani hawataniani waziwazi mbele ya watoto wao. Kwenye mwambao, mke anaweza kujifunga kanga yenye jina linalofaa na kupita mbele ya mumewe mara kadhaa bila kusema neno, na mume aliyestaafu, tofauti na zamani, sasa ana mchana kutwa wa kulisoma. Bara na pwani, njia iliyozoeleka zaidi ni mjukuu. Utani baina ya babu, bibi na wajukuu unakubalika kote: babu humwita mjukuu wa kike mke wake, bibi humwita wa kiume mume wake, na kwa mlango huo wazee wawili huambiana kila kitu. Bibi humwagiza: “Mume wangu, kamuulize yule mzee barazani kama leo hana kijiwe cha kwenda.” Mtoto hutembea hatua tano na kurudi na jibu: “Amesema kijiweni hawatoi chai, na ya humu mke wangu amesahau kuitia sukari.” Bibi, ambaye amelisikia jibu tangu lilipotolewa, humrudisha tena na ujumbe kwamba kopo la sukari limeandikwa jina na aliyeliandika anajua lilipo, na mtoto naye, akiona safari zinaongezeka, hudai andazi lake kabla hajaondoka.