Daktari mwenye selimundu

Mgonjwa wa kwanza wa selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, kuandikwa katika jarida la kitabibu la nchi za Magharibi alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno. Walter Clement Noel alitoka Grenada kwenda kusoma Chicago, akalazwa mwaka 1904, na mwaka 1910 Dkt. James Herrick akaeleza chembe zake nyekundu za damu zilizopinda kama mundu. Kinachosahaulika ni kwamba Noel alihitimu, akarudi kwao na kutibu meno ya watu hadi alipofariki kwa nimonia mwaka 1916.

Namtaja kwa sababu wazazi huniuliza: mtoto wangu mwenye sikoseli ataweza kuwa daktari? Ataweza. Mimi ni daktari, nami ninayo. Ila mwili una masharti yake.

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Zangu hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu haijai. Zikikosa oksijeni hukakamaa na kuziba mishipa midogo, na hapo mifupa huanza kuuma. Baridi, kiu na uchovu huchochea hali hiyo, na chumba cha upasuaji kina vyote vitatu. Kwa hiyo navaa fulana nzito ndani ya sare, nakunywa maji kabla ya kunawa mikono, na zamu za usiku mfululizo nazikataa bila haya.

Maumivu hayana mashine ya kuyapima. Presha na mapigo ya moyo huweza kuwa sawa kabisa huku mtu anateketea. Siku moja nimelazwa, kitambulisho cha kazi kingali shingoni, nikaulizwa kama kweli naumwa, maana nilikuwa nachezea simu. Aliyezoea kuumwa tangu utotoni hajui kupiga kelele; simu ilikuwa inanisahaulisha. Siku hizi mgonjwa akiniambia maumivu ni kumi kwa kumi, naandika kumi.

Dawa ya haidroksiurea imenisaidia sana. Huongeza himoglobini ya kichanga, ile ya kubeba oksijeni ambayo mtoto huzaliwa nayo, ambayo huzuia chembe zisipinde, lakini lazima damu ipimwe mara kwa mara.

Homa ndiyo nisiyoifanyia mzaha. Wengu wetu, kiungo kinachosaidia kupambana na vijidudu, huharibika mapema, hivyo bakteria husambaa haraka. Kipimajoto kikifika nyuzi 38.5, hakuna kumeza panadol na kusubiri asubuhi. Hata mimi sijitibu: nampigia mwenzangu simu, naingia kitandani, naye ndiye anayeshika faili.