Keria ya mikanda haikai kwenye kila gari dogo

Watu wanaambiana eti keria ya kubebea baiskeli, ile ya kufunga na mikanda nyuma ya gari, inakaa kwenye gari dogo lolote, Vitz, Fit, Demio, we nunua tu. Si kweli jamani. Zile ndoano za juu zinatakiwa zishike ukingo wa bati la mlango wa buti, sasa gari nyingi hizi zina spoila ya plastiki (kile kibawa cha juu ya kioo cha nyuma) palepale juu, ukikaza mkanda na baiskeli mbili za kilo 15 kila moja zinaning'inia, matuta mawili matatu tu spoila inaweza kupasuka. Kabla hujatoa hela pitisha kidole kwenye ule ukingo usikie kama ni bati, halafu tafuta gari lako na mwaka wake kwenye orodha ya mtengenezaji wa keria. Na baiskeli zisizibe taa wala pleti namba, trafiki akikusimamisha kwa hilo ana haki kabisa.