Spidomita ya Datsun 240Z: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

"Imezeeka, ndiyo maana inadanganya." Hilo ndilo la kwanza utakaloambiwa mshale wa 240Z ukisimama kwenye 110 huku GPS ya simu ikisema 103. Kuzeeka kweli imezeeka, gari lenyewe lilianza kuuzwa nje ya Japani mwaka 1970. Lakini hata gari lililoshushwa bandarini wiki iliyopita lina spidomita inayozidisha, na limefanywa hivyo makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, iliyokuja baada ya 240Z kuacha kutengenezwa, inakataza kabisa spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, ila inaruhusu izidishe kwa asilimia 10 na kuongeza kilomita 4 kwa saa. Ukienda 100 za kweli, mshale unaweza kuonyesha 114 na mtengenezaji asiwe na kosa. Kwa hiyo 110 kwa 103 si ugonjwa. Ugonjwa ni mshale kusoma 50 wakati unaenda 56, maana hapo ndipo tochi ya trafiki inapokukuta umetulia na roho nyeupe.

Dhana ya pili ndiyo inayowapotezea watu pesa: kwamba mshale wa mwendo na tarakimu za kilomita ni kitu kimoja, kikikosea kimoja vimekosea vyote. Vinakaa sanduku moja na vinalishwa na kebo moja, basi. Kebo ikifika nyuma ya dashibodi inazungusha sumaku. Sumaku hiyo imezungukwa na kikombe cha aluminiamu ambacho haikigusi. Inapozunguka inazalisha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate, na springi nyembamba kama ya saa inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe, unasimama pale mvuto na springi vinapolingana nguvu. Mjerumani Otto Schulze alisajili hataza ya kifaa cha aina hii mwaka 1902, na 240Z bado ilikitumia. Tarakimu za kilomita hazijui habari ya sumaku wala springi. Zenyewe ni meno tupu, kebo ikizunguka idadi fulani, kilomita moja imeandikwa.

Ndiyo maana kabla ya kununua chochote napenda vipimo viwili. Tafuta barabara iliyonyooka, shika mwendo mmoja bila kukanyaga wala kuachia, linganisha mshale na GPS kwenye 60, kisha 80, kisha 100. Usisome GPS wakati unaongeza mwendo, kwa sababu huchelewa kidogo. Halafu linganisha umbali: endesha kama kilomita 20 za GPS na uone tarakimu zimeandika ngapi. (Dashibodi nyingi za 240Z zilizopitia Marekani husoma maili, kwa hiyo zidisha kwa 1.609 kwanza. Nimeshaona mtu mzima akigombana na gari kwa jambo hilo tu.) Tarakimu zikiwa sahihi na mshale ukakosea, kosa liko ndani ya saa, yaani spidomita yenyewe. Vyote viwili vikikosea kwa kiasi kilekile, saa haina hatia, tafuta chini ya gari.

Na chini ya gari wengi hulaumu rimu. "Ukifunga rimu kubwa spidomita inaharibika." Rimu yenyewe haihusiki. Kinachohesabika ni kimo cha tairi lote kutoka ardhini hadi juu. Tairi la 195/70R14 (upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 14), saizi iliyokuja na mdogo wake 280Z, lina kipenyo cha takriban milimita 629. Weka rimu ya inchi 15 na tairi la 205/60R15, unapata 627, mshale hautajua kama umebadilisha kitu. Lakini bakia na rimu ileile ya 14, ufunge 195/60R14 kwa sababu lilikuwa bei poa, kipenyo kinashuka hadi 590. Tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita, na ukienda 100 saa iliyokuwa sahihi sasa itasoma karibu 107. Tairi kuisha nako kunaongeza: kutoka kashata mpya za milimita 8 hadi kipara, kipenyo kinapungua kama asilimia 2.

Dawa yake si saa mpya. Pale kebo inapoingia giaboksi kwa nyuma kuna pinioni ndogo yenye meno, na Nissan, wenye chapa ya Datsun, walitengeneza za idadi mbalimbali ya meno kwa kazi hii hii. Mshale ukizidisha, unaongeza meno, kwa kuwa pinioni yenye meno mengi huzunguka polepole. Tuseme yako ina meno 17 na inasoma 107 kwenye 100. Weka ya 18: 107 mara 17 gawanya kwa 18, unapata 101. Imeisha. Angalia tu kwamba pinioni yenye meno mengi ni pana zaidi, hivyo ije na nyumba yake, yaani kasha inamokaa.

Hesabu hiyohiyo inawaokoa waliobadilisha difu, zile gia za nyuma zinazopeleka mzunguko wa giaboksi kwenye magurudumu. 240Z za Marekani zilikuja na difu ya 3.364, yaani shafti ya giaboksi huzunguka mara 3.364 gurudumu likizunguka mara moja. Wapenda mbio huitoa wakaweka ya 3.9 ili gari liruke, kisha wanashangaa spidomita imepanda asilimia 16. Kebo inachukua mzunguko kwenye giaboksi, kabla ya difu, kwa hiyo haikuambiwa kuwa difu imebadilika. Kutoka meno 17 kwenda 20 kunaifanya isome chini kwa asilimia moja na nusu. Kwenda 19 kunaiacha juu kwa karibu asilimia 4. Mimi ningechukua 19 bila kufikiri mara mbili.

Kosa likiwa ndani ya saa, atatokea fundi atakayesema, "Toa mshale, urudishe pale unapotaka." Usimruhusu. Kosa la spidomita huwa ni la asilimia, na kusogeza mshale kunaondoa namba moja kila mahali. Ukisogeza 6 ili 100 iwe sawa, kwenye 50, palipokuwa na kosa la 3, sasa inasoma 3 chini. Isitoshe, kwenye saa nyingi za zamani mshale ukipumzika unaegemea kijiti cha sifuri huku springi ikiwa imeshavutwa kidogo. Ukiuchomoa bila kuweka alama ya mahali unapolala bila kijiti, kipimo chote kimepotea. Mshale unaosoma chini mara nyingi ni sumaku iliyochoka, na inaweza kutiwa nguvu upya na fundi wa saa za magari; springi iliyolegea ndiyo husoma juu.

Mshale unaocheza kama mkia wa mbuzi ni habari nyingine, hapo ni kebo, imekauka au imekunjwa kona kali. Wengi huisindilia grisi kuanzia juu. Paka kidogo sana, na nusu ya chini tu, ile ya upande wa giaboksi. Kebo inayozunguka hupandisha grisi kama parafujo, na grisi ikifika kwenye kile kikombe cha aluminiamu, mshale utaanza kukwama na kulala juu hata gari likiwa limesimama.