Ruzuku ndogo ya uchimbaji: panga bajeti kutokea mwisho

Ninapopewa maombi ya ruzuku ndogo za uchimbaji wa kiakiolojia niyasome, huanza na jedwali la bajeti kabla ya maelezo ya utafiti. Nikikuta wiki sita za kuchimba, posho za vibarua ishirini na mafuta ya gari, halafu mstari mmoja mwembamba chini kabisa ulioandikwa "uchambuzi wa maabara", najua fedha zote zitaishia shimoni.

Nalijua hilo kwa sababu lilinikuta. Msimu wa kwanza niliouongoza mwenyewe tuliondoka na masanduku kumi na moja ya vigae, mifupa na mkaa, na fedha zikaisha siku ileile tuliyofukia shimo. Masanduku yakawekwa kwenye stoo yenye unyevu. Nilipoyafungua miaka miwili baadaye, lebo za karatasi zilikuwa zimelainika kama uji, na kwenye mifuko mingi namba ya tabaka, yaani safu ya udongo kitu kilimotoka, haikusomeka tena. Kigae kikipoteza tabaka lake kinabaki kipande cha chungu tu. Udongo ambao ungetueleza habari zake tulikuwa tumeshauondoa kwa mikono yetu wenyewe, na tabaka likishachimbwa halichimbwi tena. Bado linaniuma.

Tangu hapo napanga bajeti kinyumenyume. Kwanza ripoti na uchapishaji, kisha mahali pa kuhifadhi vitu kwa kudumu, kisha maabara, kisha kuosha na kuandika namba. Kinachobaki ndicho kinachoamua ukubwa wa shimo. Mimi hutenga angalau nusu ya ruzuku kwa kazi za baada ya kuchimba, na sijawahi kujuta.

Shimo litakuwa dogo, ni kweli. Shimo la mita 1 kwa mita 1, kwenda chini mita 1, lina mita 1 ya ujazo ya udongo. Ongeza kila upande uwe mita 2, kina kikiwa kilekile, nawe una mita 4 za ujazo: ndoo mara nne, chekeche mara nne, na siku za kuosha vigae vivyo hivyo. Kwa hiyo swali lako nalo lilingane na shimo. "Kuelewa asili ya makazi haya" halijibiwi kwa ruzuku ndogo. Lakini ukiuliza kama tabaka la majivu lililo chini ya ukuta ni la muda mfupi kabla ya ujenzi au la karne nyingi nyuma, shimo moja lililowekwa mahali pake na vipimo vichache vya umri vinaweza kukupa jibu.

Hapo kwenye vipimo ndipo wengi hupoteza fedha. Kipimo cha kaboni mionzi, kinachokadiria umri wa mkaa, mbegu na mabaki mengine ya viumbe, nacho ndicho kilichompatia mkemia Willard Libby Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1960, hukuambia mti uliotoa mkaa uliota lini; hakikuambii moto uliwashwa lini. Mkaa uliotoka kwenye kiini cha mti ulioishi miaka 300 unaweza kukudanganya kwa karne nzima au zaidi. Mbegu iliyoungua ni shahidi bora kwa sababu ilikomaa msimu mmoja, na mitambo ya sasa hutosheka na kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Lakini mbegu hizo mara nyingi hazionekani kwa macho shimoni. Lazima udongo utiwe majini, vilivyoungua vielee, vinaswe kwa wavu mwembamba, vikaushwe kivulini. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa za mtu, nayo iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake.

Muda pia ni fedha. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Mary Leakey katika matabaka ya chini ya Olduvai, Tanzania, ulifanyika kati ya 1960 na 1963. Matokeo yake kamili yalitoka 1971. Mwombaji anayeahidi ripoti ya mwisho miezi miwili baada ya kufunga kambi hunitia wasiwasi.

Kibali na barua ya makumbusho inayokubali kupokea masanduku vitafutwe mapema, hayo hayahitaji maneno mengi.

Lakini kuna aya moja ambayo karibu kila ombi huikosa: utafanya nini ukikuta kitu kilichokuzidi uwezo? Mbao zilizolowa maji kwa karne nyingi, kwa mfano, hupasuka na kujikunja zikikauka ovyo. Meli ya Vasa ya Sweden, iliyoinuliwa kutoka majini mwaka 1961, ilinyunyiziwa kemikali ya kuihifadhi kwa miaka 17. Andika wazi kwamba ukikuta mbao za namna hiyo utazipima, utazichora na kuzipiga picha zikiwa palepale, utatandika juu yake kitambaa kinachopitisha maji, kisha urudishe udongo. Atakayekuja na fedha za kutosha atakikuta kitambaa na kujua kwamba hapo ndipo ulipoishia.