Mtoto akifungua redio usimchape kwanza

Kuna kosa ambalo wengi tuliokulia huku kati tumelilia viboko, kufungua redio ya baba ili uone hao watu wanaoongea wamekaa wapi. Mimi nilichapwa, na redio yenyewe haikupona. Sasa hivi nafundisha uhandisi wa umeme kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, na Jumamosi tunakaa na watoto wa darasa la tano mpaka la saba tunatengeneza nao roboti, alafu kinachonichekesha ni kwamba kazi ya kwanza tunayowapa wakifika ni kufungua redio. Mbovu lakini. Tunaziokota kwa mafundi wa sokoni, redio za kaseti zilizokufa, deki za DVD, simu za batani, na mafundi wanatupa wanacheka kwa sababu wao walishazihesabu takataka.

Mtu akisikia roboti anafikiria lile lichuma la kwenye muvi lenye macho mekundu, ndo maana mzazi anaogopa, anaona hapo hela inatakiwa nyingi na kizungu kingi. Roboti ni mashine inayohisi kitu, inaamua, alafu inafanya. Basi. Mwili wake watoto wetu wanautengeneza tangu enzi, yule mtoto anayesukuma gari la waya lenye matairi ya ndala zilizokatwa, lenye usukani mrefu na linakata kona, au yule wa kijijini anayeunga gari kwa mabua ya mtama, huyo ameshaelewa ekseli ni nini na kwanini tairi likikaa upande gari halinyooki. Hajui tu kwamba anajua. Kazi yetu ni kuongezea mota, betri na akili kidogo.

Tunaanza na roboti ya mswaki, na mzazi unaweza kuifanya nyumbani wikiendi hii. Unachukua mswaki uliochoka, unakata mpini unabaki na kichwa chenye brashi. Kwenye simu ya batani iliyokufa unatoa kile kimota cha mtetemo, kidogo kama punje ya muhindi hivi, ukikiangalia vizuri utaona kwenye ncha yake kuna kipande cha chuma ambacho hakijakaa katikati, kimeegemea upande mmoja. Unakigandisha juu ya mswaki kwa gundi au tepu ya kunata pande mbili, unaunga nyaya zake mbili kwenye kibetri cha duara cha volti 3, na mswaki unaanza kukimbia mezani kama mende aliyemwagiwa dawa. Watoto wanapiga kelele, hapo usiongee, waache kwanza. Wakitulia uliza, huu mswaki una tairi? Hauna. Sasa unatembeaje? Hapo ndo wanainama kuangalia kile chuma kilichoegemea upande, mmoja atakwambia ni kama ndoo ya maji ukiizungusha kwa mkono inakuvuta, na amepatia kabisa, chuma kinavuta kila upande kinapozunguka, mswaki unarukaruka, na kwa sababu brashi zimelala upande mmoja kila mruko unausogeza kuelekea mwelekeo mmoja. Ukizinyoosha brashi zikasimama wima unaanza kuzunguka palepale bila mwelekeo. Hiyo ni fizikia na hujaandika kitu ubaoni.

Nikae kwenye betri kidogo kwa sababu hapa sitaki utani. Vile vibetri vya duara vinavyong'aa ni hatari kwa wadogo zao wanaotambaa, mtoto akikimeza kikakwama kooni kinaweza kuunguza nyama za ndani vibaya ndani ya saa 2 tu, hata kama hakina chaji ya kuwasha kitu. Ukihisi kamezwa kimbia hospitali, usimtapishe, usisubiri kitoke chooni. Kaa navyo wewe, vihesabu kabla na baada. Betri ya simu au laptopu iliyovimba haifunguliwi na mtu yeyote wala haitobolewi, inashika moto. Na zile TV za chogo watoto wasizifungue kabisa hata kama zimechomolewa ukutani, ndani zinabaki na umeme wa kukurusha. Umeme wa ukutani ni volti 230, sisi hatuugusi, kila kitu chetu kinaishia betri nne za kawaida yaani volti 6.

Baada ya mswaki wengi wanataka kurukia kompyuta, na sisi tunawatoa nje kwanza. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi chuo kikuu cha MIT kule Marekani, yeye na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza lugha ya kompyuta ya watoto inaitwa Logo, baadae ikaja na roboti wanayoiita kobe, inatambaa sakafuni na kuchora kwa kalamu kadri mtoto anavyoiamuru. Sisi kobe wetu ni mtoto. Mmoja anafungwa kitambaa machoni anakuwa roboti, mwenzake anamuamuru achore mraba uwanjani kwa miguu. Nenda hatua nne. Geuka. Na roboti anageuka, anageuka, hasimami, mpaka anaanguka kwa kizunguzungu kwa sababu hakuambiwa ageuke kiasi gani, na darasa zima linakufa kwa kicheko. Wakirudia mara ya pili utasikia mtu anasema geuka kulia nyuzi 90, hajalazimishwa na mtu, kaona mwenyewe bila namba haiendi. Mtoto aliyepita hapo ukimpeleka kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya umeme inayokuwa akili ya roboti, iliyoanzia Ivrea kule Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, hasumbuki sana, anajua mashine haina busara ya kukisia ulichomaanisha.

Roboti yetu ya pili ni gari lenye sensa, na hapa lazima niseme sio ile ya kuhesabu watu ya Agosti 2022 maana kila awamu kuna mtoto anauliza. Ni kifaa chenye macho mawili ya duara, ila hayo sio macho, moja ni mdomo na lingine ni sikio. Mdomo unapiga sauti nyembamba ambayo sisi hatuisikii, sauti inagonga ukuta inarudi, sikio linapokea, na bodi inahesabu imechukua muda gani, kazi ileile anayoifanya popo usiku akiwinda wadudu. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde kukiwa na joto la nyuzi 20, kwahiyo ukuta ulio sentimita 34 mbele, kwenda na kurudi ni kama sehemu mbili za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Watoto wengi wanasahau kugawa kwa mbili, wanasahau kurudi, basi gari linaamini ukuta uko mbali mara mbili na linaubamiza. Tunaliacha libamize.

Hesabu nayo inaingia bila kubisha hodi. Tunapaka chaki alama moja kwenye tairi, tunalizungusha mara moja sakafuni, tunapima limetembea kiasi gani, tairi zetu upana wa duara lake, ukingo mpaka ukingo kupitia katikati, ni sentimita 6.5 na zinatembea 20 na kidogo. Gawa, unapata 3 na kidogo. Alafu wanaenda kupima mfuniko wa ndoo, sufuria ya uji, sinia la mama ntilie wa nje ya geti, kote wanapata 3 na kidogo, wanabishana kama kuna mtu anawachezea akili. Mwaka unaofuata mwalimu akiandika pai ubaoni, hawa wameshakutana nayo kwenye sufuria.

Dodoma nayo ina ya kwake. Tuna gari lingine linalofuata mstari mweusi, linatumia mwanga usioonekana, sehemu nyeupe inaurudisha mwanga na nyeusi inaumeza, darasani linatembea vizuri kama treni ya SGR, ukilitoa nje saa sita mchana linapotea kabisa kwa sababu jua letu nalo limejaa mwanga uleule, linaipofusha sensa. Mtoto mmoja alikata boksi la juisi akalifanya sketi, akalivalisha gari mpaka chini, likarudi kwenye mstari. Hakuna aliyemwambia.

Kinachoniuma ni roboti za kuonyesha wageni. Nimeingia shule moja nikakuta vifaa vizuri, vya gharama, kabatini na kufuli, siku ya maonyesho mtu mzima anatengeneza usiku kucha na asubuhi mtoto anashika rimoti anapigwa picha. Watoto wale niliwauliza gari lina mota ngapi, wakaangaliana. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unasema sana habari ya ujuzi na kutenda, sawa, ila ujuzi haupiti kwenye kioo cha kabati. Afadhali mota moja ya deki mbovu ambayo watoto sita wameigombania mpaka waya umekatika.

Na wewe mzazi ukikaa nao, mkono wako ndo shida. Unaona kabisa waya umeungwa kinyume, vidole vinawasha, unataka kumpokonya umwonyeshe. Uweke huo mkono mfukoni. Kuna binti wa darasa la sita gari lake lilikuwa linavuta kushoto kila likiondoka, na mimi nilishahisi tatizo liko wapi. Akabadilisha betri, likavuta kushoto. Akabadilishana tairi, la kulia likaenda kushoto, gari bado likavuta kushoto. Akakaa chini kama dakika kumi anachora vumbi kwa kidole, nikajua kakata tamaa, kumbe anafikiria, akainuka akazihamisha mota zenyewe, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, akawasha. Gari likavuta kulia.

Hakushangilia. Akaishika ile mota akaniambia, "Mwalimu, ni hii, iko slo." Akaomba bisibisi. Zile mota za njano ndani zina gia, mota inazunguka mara 48 ndo tairi lizunguke mara moja, ni kama bajaji kwenye namba moja inapanda mlima, nguvu nyingi mwendo mdogo, kwahiyo kitu kidogo kikiingia humo kinaonekana. Akafungua, akazitoa gia mojamoja akazipanga kwenye karatasi kwa mpangilio ili asisahau kurudisha, na kwenye ya tatu kukawa na chembe ya mchanga wa hapahapa uwanjani imejibana kwenye meno. Akaitoa kwa mswaki.