Daraja la Órbigo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mahujaji wanaotembea kwenda Santiago de Compostela, mji wa hija ya Mtakatifu Yakobo kaskazini mwa Hispania, hufika kwenye daraja refu la mawe kilomita 17 hivi kabla ya mji wa Astorga. Wakilivuka wameingia kijiji cha Hospital de Órbigo, ambako zamani Shirika la Mtakatifu Yohane, yaani watawa wapiganaji wa Kikristo, lilikuwa na nyumba ya kuwapokea wasafiri wa hija. Daraja hili linapendwa sana, na kwa sababu hiyo limezushiwa mengi.

Dhana iliyoshika mizizi kuliko zote ni kwamba waliolijenga walitaka fahari tu. Mtu akisimama pale leo anaona mto mdogo unaopita chini ya matao machache, ilhali daraja lina karibu matao 20 na mengi yamekaa juu ya nyasi kavu. Anajiuliza: mawe yote haya ya nini?

Ukweli ni kwamba kilichopungua ni mto. Órbigo huanzia pale mito ya Luna na Omaña inapokutana, na yote miwili hushuka kutoka milima yenye theluji. Theluji ilipoyeyuka, au mvua kubwa iliponyesha, maji yalijaa bondeni na kutapakaa mpaka mahali ambapo leo ni nyasi. Kisha mwaka 1956 likazinduliwa bwawa la Barrios de Luna, na maji yakaanza kuhifadhiwa kwa ajili ya umwagiliaji. Waashi walijenga kufuatana na mto waliouona kwa macho yao. Kwangu mimi, urefu huo ndio jambo la kuheshimika zaidi katika daraja zima, kwa maana ni kumbukumbu ya mafuriko ambayo vijana wa kijiji hawajawahi kuyaona.

Wengine huliita daraja la Kirumi. Warumi kweli walikuwa na barabara ukanda huu, na Astorga ulikuwa mji wao mkubwa, lakini matao ya zamani kabisa yaliyosimama leo ni ya karne ya 13.

Halafu kuna hadithi ya Suero de Quiñones. Husimuliwa kana kwamba alikuwa mlinzi wa mahujaji, aliyesimama darajani mwaka 1434 kuwakinga na wanyang'anyi. Sivyo hata kidogo. Suero alikuwa kijana wa ukoo mkubwa wa León, eneo lilipo daraja hili. Kila Alhamisi alivaa pingu ya chuma shingoni kuonyesha kwamba ni mfungwa wa mapenzi kwa bibi mmoja, na aliapa kujikomboa kwa kuvunja mikuki 300. Kwa idhini ya Mfalme Juan wa Pili, yeye na wenzake tisa walipiga kambi karibu na daraja kuanzia Julai 10 hadi Agosti 9, wakiwapa changamoto wapiganaji wa farasi waliopita wapambane nao kwa mikuki. Mwaka huo ulikuwa mwaka mtakatifu wa Santiago, yaani mwaka wa hija ya pekee, kwa hiyo njia ilijaa watu.

Mikuki 300 haikufika. Ilivunjwa 166, Suero na wenzake wengi wakiwa wamejeruhiwa, ndipo waamuzi wakatamka kwamba nadhiri imetimia na kumvua pingu. Kabla ya hapo mpiganaji mmoja kutoka Aragón, Asbert de Claramunt, alichomwa mkuki jichoni akafa. Alinyimwa maziko katika ardhi takatifu. Mtaguso wa Pili wa Laterano wa mwaka 1139, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikuwa umekwisha kuagiza kwamba anayeuawa katika mashindano ya namna hiyo asizikwe na Kanisa. Wanaoyasimulia mashindano yale kama tendo la imani wangemkumbuka na huyu. Kumsahau si haki.

La mwisho, watu hugusa ukuta wa daraja wakiamini kila jiwe lilipitiwa na mahujaji wa zama za kati. Inategemea umesimama wapi. Matao kadhaa ni ya karne ya 17. Yale yaliyo kwenye ncha mbili za daraja ni mapya zaidi: majira ya baridi ya 1808 na 1809, jeshi la Uingereza chini ya John Moore likirudi nyuma kuelekea pwani, matao hayo yalibomolewa ili kuwachelewesha askari wa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, yakaja kujengwa upya baadaye. Anayetaka kukanyaga sehemu ya karne ya 13 inambidi asonge mbele kidogo, apite matao ya mwanzo.